Kuifunga na kuihifadhi nyumbani injini ya akiba ya Peugeot 504

Injini yangu ya kwanza ya akiba ilikaa mwaka mzima juu ya tairi, kwenye kona ya baraza, imefunikwa nailoni nyeusi. Ndivyo nilivyoona wengi wakifanya, nami sikuuliza. Ikapita kaskazi, ikapita masika, ikapita kusi. Siku nilipoihitaji niliweka spana kwenye nati ya puli ya mbele, nikavuta, haikusogea hata kidogo. Tulipofungua silinda hedi, kifuniko kizito cha juu ya silinda, tukakuta pete ya kutu ndani ya laina ya tatu, bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, nyekundu kama udongo wa Lushoto, na ringi za pistoni zimeshikana na ukuta. Injini hiyo ilitoka kwenye gari ikiunguruma vizuri. Iliharibika ikiwa imekaa tu.

Nakaa Tanga, karibu na bahari. Hapa hewa yenyewe ni maji na chumvi, na chuma kikiachwa wazi usiku mmoja asubuhi kimeshaanza kubadilika rangi. Injini ya pili niliipata Mombasa, na nikaitunza kwa namna nitakayoieleza hapa. Inaingia mwaka wa sita sasa na bado inazunguka kwa mkono mmoja.

Uijue kwanza unayoitunza

Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari la Mwaka huko Ulaya. Kwetu ilikuwa gari la ofisi, la abiria wa safari ndefu na la shamba. Kenya waliziunganisha wenyewe. Safari Rally ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas, mara hiyo ikiwa kupe yenye injini ya V6. Ninayoizungumzia hapa si hiyo V6. Ni ile ya kawaida ya petroli, silinda 4, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,971, inayoitwa XN1. Mwenye injini ya 404, au ya gari jingine la zamani la silinda nne, atapata mengi ya kumfaa pia.

Mambo matatu ya injini hii yanabadilisha namna ya kuishika. La kwanza, bloku, yaani mwili wa injini, ni ya chuma lakini silinda hedi ni ya aluminiamu, na metali hizo mbili zikikutana na maji yenye chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. La pili, ndani ya gari injini imelazwa ubavu kwa nyuzi 45. Kwa hiyo uzito wake haupo pale macho yanapokwambia upo, na ukiining'iniza bila kulijua hilo itakugeukia.

La tatu ndilo linalowaumiza watu wengi zaidi. Laina za silinda hazikuchongwa kwenye bloku. Ni mabomba ya chuma yaliyosimamishwa ndani, maji yakiyazunguka, na kinachoyabana yasisogee ni silinda hedi yenyewe. Ukiivua hedi kisha ukazungusha krankishafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, pistoni hupanda na laina, na gasketi ya chini inaachia. Ukiipindua injini kwenye stendi ikiwa haina hedi, laina zinaweza kuanguka sakafuni. Baadaye maji yanapenya kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na mtu anabaki kuuliza oili imekuwaje rangi ya chai ya maziwa. Kwa injini ya kuhifadhi ushauri wangu ni mfupi: hedi iache mahali pake. Kama ni lazima itoke, zibane laina zote nne kwa bolti na washa pana kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Mahali pa kuiweka

Sakafu iwe ya saruji na iwe sawa. Injini ya chuma ya silinda nne ya enzi zile, ikiwa na vifaa vyake, huwa kati ya kilo 130 na 200, na uzito wote huo unashuka kwenye magurudumu madogo ya stendi. Vigae hupasuka. Udongo unadidimia upande mmoja na stendi inaanza kuinama taratibu bila mtu kuona. Kama huna ila vigae, tandika mbao nene au bamba la chuma.

Isiwe jikoni wala chumba chenye mtungi wa gesi, kwa sababu hata injini iliyokaushwa hubaki na harufu ya petroli kwa siku kadhaa. Isiwe njiani mwa watoto. Mtoto akiona kitu chenye magurudumu na mkono wa kuzungushia, atakizungusha. Ukuta unaoelekea baharini uepuke. Mimi nimeiweka upande wa pili wa nyumba, chumba chenye dirisha moja dogo, na tofauti naiona kwenye spana zangu: za baraza zinashika kutu, za humo ndani hazishiki.

Toa maji, oili na petroli

Fanya kazi hii injini ikiwa bado ndani ya gari kama inawezekana, maana hapo imesimama imara. Oili imwagwe ikiwa na joto kidogo ili itoke na uchafu wake, kisha rudisha kizibo cha sampu. Maji ya radiata ukiyamwaga, usidhani bloku imekauka. Tafuta kizibo cha kumwagia maji ubavuni mwa bloku, ukifungue, na kikitoa matone mawili tu basi kimeziba kwa tope la kutu: kichokoe kwa waya mpaka maji yatoke kwa nguvu. Kisha suuza kwa maji safi ya bomba, yamwage, na uache matundu wazi siku nzima ya jua. Maji yanayobaki kuzunguka laina ndiyo yanayozila kutoka nje, upande usioonekana.

Petroli iliyobaki kwenye kabureta imwage nje ya nyumba, mbali na moto na sigara. Kabureta ivue, ikaushe, ihifadhi peke yake ndani ya boksi.

Oili chakavu itie kwenye dumu lenye kifuniko na uipeleke gereji wanakoikusanya. Usiimwage shimoni wala mtaroni. Kulanti, yaani dawa inayotiwa kwenye maji ya radiata, iangalie zaidi: ina ladha tamu na ni sumu. Mbuzi, paka au mtoto akiinywa inaua figo. Isikae kwenye beseni lililo wazi hata kwa nusu saa.

Vumbi la klachi

Hapa naomba usikivu wako wote. Sahani za klachi za magari ya miaka hiyo, na baadhi ya gasketi za ekzosi, zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi jeusi unalolikuta giaboksi inapotoka linaweza kuwa na nyuzi hizo, na zikiingia kwenye mapafu hazitoki tena. Nimeona vijana wa gereji wakilipuliza kwa kompresa huku wamesimama usoni pake. Usifanye hivyo, wala usilifagie kavu. Nyunyiza maji yenye sabuni mpaka lilowe lote, lifute kwa matambara, matambara yatie kwenye mfuko ufunge, kisha oga na ubadili nguo kabla hujamshika mwanao.

Baada ya hapo ndipo uvue klachi na flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya krankishafti. Piga alama ya senta panchi kwenye flaiwili na kwenye krankishafti, ili zirudi zilivyokuwa. Bolti ya mwisho ya flaiwili usiifungue bila mtu wa pili kuishika kwa chini. Ni sahani ya chuma tupu, na ikiangukia mguu wenye ndala utaenda hospitali.

Sehemu ya nje isafishe kwa brashi na dizeli au mafuta ya taa, matundu yote yakiwa yamezibwa kwanza. Petroli usiitumie kuoshea.

Bolti nne zinazobeba kila kitu

Stendi ya injini hushika bloku kwa nyuma tu, pale giaboksi ilipokuwa imefungwa. Mikono minne, bolti nne, na injini nzima inaning'inia mbele yake kama rafu ukutani. Ukikosea kwenye bolti hizi, hakuna kingine kitakachokuokoa.

Nyuzi za Peugeot ni za milimita. Chukua bolti moja ya giaboksi iliyotoka kwenye injini hiyohiyo uende nayo dukani, na unayonunua uijaribu kwa vidole kwenye tundu lake: iingie bila spana. Kichwani iwe imegongwa alama 8.8 au 10.9. Isiyo na alama iache dukani. Fito za nyuzi zinazouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi nyingi ni za chuma laini, hazifai kabisa.

Urefu upime, usikisie. Mimi natumia spoku ya baiskeli: naingiza ndani ya tundu mpaka ifike mwisho, naweka alama kwa ukucha, kisha napima kwa rula. Ndani ya chuma, bolti iingie angalau mara moja na nusu ya unene wake. Bolti ya milimita 10 iingie milimita 15, na kama nafasi ya uzi wake ni 1.5, hiyo ni mizunguko 10 kamili. Lakini pia isifike mwisho wa tundu, maana ikigonga chini unahisi imekaza kumbe haijabana kitu. Pale mkono wa stendi usipofikia uso wa bloku, weka kipande cha bomba nene la chuma kilichokatwa sawa pande zote mbili. Kupanga nati tatu au nne juu ya bolti kuziba pengo ni hatari, kwa sababu zinahama.

Stendi

Za kununua zipo za magurudumu matatu na za manne. Ya matatu ni rahisi kwa bei, na gurudumu lake la mbele likikwama kwenye ufa wa sakafu, yote inapinduka kwa ubavu. Chukua ya manne, iliyoandikwa uwezo wa kilo 450 au zaidi. Miguu yake ya mbele lazima ifike chini ya ncha ya mbele ya injini. Ikiishia katikati, usiinunue.

Wengi wetu tunachomeleshewa. Hakuna ubaya, mradi uijaribu kabla injini haijagusa. Mfuko wa saruji ni kilo 50: ning'iniza mitano kwenye mikono ya stendi, kwa mnyororo, umbali wa sentimita 30 kutoka kwenye bamba, maana hapo ndipo uzito wa injini unapokaa. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye ncha ya mkono kabla ya kupakia. Acha saa moja. Shusha mifuko, pima tena. Kama haikurudi ilipokuwa, chuma kimepinda na fundi aongeze mabamba ya pembe tatu kwenye maungio. Nilifanya jaribio hili mbele ya mchomeleaji wangu, na alikuwa wa kwanza kusema tuirudishe mezani.

Kunyanyua

Usiining'inize injini kwenye paa. Nyumba zetu nyingi za zamani za pwani zimeezekwa juu ya boriti za mikoko, na boriti ni mti imara, lakini iliwekwa kubeba paa, na huwezi kujua mchwa wamefika wapi ndani yake. Tawi la mwembe ni vilevile. Kodi au azima winchi ya mnyororo na fremu ya miguu ya chuma, au ile kreni ndogo ya kukunja yenye pampu ya haidroliki. Kreni hiyo soma maandishi kwenye mkono wake: iliyoandikwa tani 2 inabeba tani 2 mkono ukiwa mfupi, na ukiurefusha hadi tundu la mwisho mara nyingi inabaki kilo 500 tu.

Kamba ya katani hapana. Nasema hivi nikiwa mtoto wa mji uliojengwa na katani, ninayeiheshimu. Lakini ikishaloa oili na unyevu huwezi kujua nguvu yake iliyobaki, na haitoi onyo kabla ya kukatika. Tumia mnyororo wa kunyanyulia wenye alama ya uzito, au mkanda maalumu.

Funga kwenye masikio ya kunyanyulia kama bado yapo. Kama yalishapotea, tumia matundu mazito ya bloku, moja mbele na moja nyuma pande tofauti. Kamwe usifunge kwenye manifoldi, kifuniko cha vali, pampu ya maji wala kishikio cha altaneta. Pembe kati ya miguu miwili ya mnyororo iwe nyembamba. Ikifunguka mpaka nyuzi 120, kila mguu unabeba uzito wa injini nzima, na ukipanuka zaidi ya hapo unabeba kuliko injini yenyewe.

Ipandishe sentimita chache tu, ngoja, itazame inageukia wapi. Hii ya 504 itageuka ubavu, tumeshalijua hilo. Muda wote huo hakuna mguu wala mkono unaoingia chini yake. Bolti ikianguka chini ya injini inayoning'inia, iache hapo.

Sasa kifunge kichwa cha stendi, lile bamba lenye mikono minne, kikiwa peke yake, kwenye bloku. Watu hukazana kuilenga injini kwenye stendi nzima na kutoa jasho bure. Kichomoe kichwa, kifunge kwa bolti zake nne ukiwa na nafasi ya kutosha, ndipo ukisukume kwenye bomba la stendi kama mtu anayeingiza kitasa. Miguu ya kreni na ya stendi itagombana kama zote zinatokea mbele, kwa hiyo kreni itokee ubavuni. Pini ikishaingia na bolti ya usalama ikishafungwa, legeza mnyororo polepole mpaka magurudumu yote manne yabebe uzito. Usiuvue bado. Kunywa chai. Baada ya dakika kumi rudi utazame kama kuna kilichohama.

Jambo moja ambalo vijitabu vya stendi hulipita haraka: mhimili wa kuzungushia upangwe upite kwenye uzito wa injini, au juu yake kidogo. Kwenye injini ya silinda zilizo mstari mmoja uzito uko juu ya krankishafti, si kwenye krankishafti. Ukiweka mhimili katikati ya krankishafti, siku utakapochomoa pini injini itapinduka yenyewe na mkono wa kuzungushia utakupiga kidevuni. Jaribu wakati mnyororo bado umefungwa: chomoa pini, igeuze kidogo kwa mkono. Ikitaka kukukimbia, irudishe na usogeze mikono ya stendi.

Ukiridhika, igeuze mpaka silinda zisimame wima, tofauti na zinavyolala kwenye gari. Kwa namna hiyo oili utakayotia inazunguka ringi pande zote badala ya kujikusanya upande wa chini.

Mafuta ndani

Vua plagi zote nne. Tia oili safi ya injini, kijiko kimoja cha mezani, kwenye kila silinda. Usizidishe. Zungusha krankishafti kwa spana kwenye puli, kwa upande inaozunguka ikiwa kazini, yaani upande wa saa ukiitazama kutoka mbele, mizunguko miwili au mitatu. Plagi ziwe nje wakati wote wa kuzungusha. Oili haibanwi, na silinda iliyozibwa ikiwa na oili nyingi inaweza kupinda mkono wa pistoni. Kisha fungua kifuniko cha vali, mwaga taratibu kama nusu lita juu ya roka zote, vile vikono vinavyofungua vali, ishuke hadi kwenye kemshafti, shafti inayoviendesha. Rudisha kifuniko.

Wapo wanaolegeza roka ili vali zote zijifunge na hewa isiingie kwenye silinda. Inafanya kazi kwa injini ambayo haitaguswa kabisa. Mimi nazungusha yangu, na roka zikiwa legevu fito za kusukumia zinaweza kutoka mahali pake, kwa hiyo sizigusi.

Uso wa nyuma wa bloku, shavu la krankishafti na uso wa flaiwili ni chuma kilichochongwa, hakina rangi, hushika kutu kabla ya vyote. Pakaza grisi nyembamba. Sahani ya klachi usiipake kitu chochote: ihifadhi kavu.

Kuziba na kufunika

Kila tundu lizibwe: manifoldi ya kuingiza, ekzosi, mabomba ya maji, pampu ya petroli, kipimio cha oili, pumulio. Kwa matundu makubwa nakata vipande vya ubao na mpira wa tyubu chini yake, navifunga kwa bolti zilezile za manifoldi. Matambara peke yake yananyonya unyevu, panya wanayapenda, na kuna siku utalisahau moja ndani. Mdudu msumbufu zaidi huku ni yule nyigu anayejenga kwa udongo. Anatafuta tundu la ukubwa wa kidole, na ndani ya siku chache ameshalijaza nyumba yake. Nilitoa kifusi kizima ndani ya bomba la maji la rafiki yangu.

Badala ya kurudisha plagi kwenye silinda, unaweza kutumia plagi zilizojazwa silika jeli, zile punje zinazobadili rangi zikishiba unyevu. Ukizikosa, rudisha plagi za kawaida na weka pakiti kubwa za silika jeli chini ya kifuniko cha nje.

Nailoni ndiyo iliyoniponza, na sasa naelewa kwa nini. Mchana hewa ya moto na unyevu inaingia kwa chini, usiku nailoni inapoa, unyevu unageuka matone na kudondokea injini. Kila usiku, mwaka mzima. Una njia mbili tu. Ama shuka nene la pamba, linalopumua na kuzuia vumbi, ama mfuko mzito uliofungwa kabisa kwa gundi ya joto au mkanda, ukiwa na silika jeli ya kutosha ndani. Nailoni iliyofungwa nusu ndiyo mbaya kuliko kuacha wazi. Mimi nimechagua shuka, kwa sababu nataka kuifikia injini kila baada ya miezi miwili.

Kitanda cha mbao

Stendi ni ya kufanyia kazi. Injini itakayokaa zaidi ya miezi michache, ishushe. Hakuna sababu ya kuacha bolti nne zibebe uzito unaoning'inia usiku na mchana kwa miaka, tena katika chumba ambacho watu wanapita.

Tairi usirudi kwake. Linaweka uzito kwenye sampu, ambayo haikutengenezwa kubeba injini, na likikaa nje linajaza maji na kuzalisha mbu, wakiwemo wa dengue. Tengeneza kitanda cha mbao ngumu, mvule au mtiki, vipande vya inchi 4 kwa 4. Injini ikae juu ya vishikio vyake viwili vya ubavuni, vilevile inavyokaa kwenye gari, na nyuma ishikwe na ubao uliofungwa kwa bolti mbili kwenye uso wa giaboksi. Kati ya sampu na ubao wa chini ubaki upenyo wa vidole viwili. Pima urefu wa vishikio wakati injini bado iko kwenye winchi, maana kwa ajili ya ule mlalo wa nyuzi 45 upande mmoja uko juu zaidi, na nguzo za kitanda hazitalingana. Upana wa kitanda uzidi wa injini. Mwisho ifunge kwa mkanda kwenye kitanda chenyewe.

Bandika kibao: namba ya injini, tarehe ilipohifadhiwa, maneno HAINA OILI, HAINA MAJI kwa herufi kubwa, na idadi ya vizibo ulivyoweka. Yangu ina vizibo 11. Risiti ya kuinunulia iweke pamoja na nyaraka za gari. Kadi ya gari ya Tanzania ina namba ya injini, kama ilivyo kwa nyaraka za Kenya, na siku utakapoibadilisha utatakiwa kuandikisha mabadiliko hayo. Bila risiti maelezo yanakuwa marefu.

Kila msimu

Kila baada ya miezi miwili navua plagi, natia nusu kijiko cha oili kila silinda, nazungusha mzunguko mmoja na robo tatu ili pistoni zisisimame palepale. Bila oili mpya usizungushe, utakuwa unafuta tu ile iliyopo ukutani. Kabla ya masika na kabla ya vuli nakagua zaidi: grisi, silika jeli, dalili za panya, bolti za kitanda. Yote haichukui saa moja.

Siku ya kuirudisha kwenye gari

Futa grisi yote kwenye flaiwili kwa spiriti, la sivyo klachi itateleza. Badilisha gasketi ya pampu ya maji na mipira yote, hata ikionekana mizima. Tia oili mpya na kulanti mpya. Kabla ya kuwasha, plagi zikiwa nje na waya wa koili umechomolewa, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike. Simama mbali na matundu ya plagi, oili ya akiba itaruka juu.

Na kabla ya hayo yote, chukua kibao, soma namba, anza kutoa vizibo kimoja kimoja ukivipanga mezani. Kama kibao kinasema 11 na mezani vipo 10, usiguse stata mpaka umepata cha kumi na moja.